IPOA na Nyumba Kumi: uhakiki wa huduma mbili zisizojuana

Malalamiko mengi dhidi ya polisi nchini Kenya hayafi mahakamani. Hufa katika siku mbili tatu za kwanza, kabla ya mpelelezi yeyote kufungua faili: nguo zimefuliwa, video imefutwa kwa woga, kitabu cha matukio cha kituo (OB) hakina hata mstari mmoja, marehemu kashazikwa. Kwa hiyo hatuwezi kuipima Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, peke yake. Tunaipima pamoja na Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa wao, maana majirani ndio hufika kwanza, na wao ndio wanaoweza kuokoa ushahidi au kuupoteza.

IPOA ilizaliwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, pale Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipopendekeza kiundwe chombo cha kuchunguza polisi kisichokuwa chini ya polisi. Sheria yake ilipitishwa 2011 na kazi ikaanza 2012. Huduma ni ya bure kabisa. Makao makuu yako jengo la ACK Garden Annex, barabara ya 1st Ngong, Nairobi, na kuna ofisi katika miji kama Mombasa, Kisumu, Garissa, Nakuru, Eldoret, Nyeri na Kakamega. Unaweza kwenda mwenyewe, kuandika barua, kutumia tovuti yao au kupiga 1559 bila malipo. Si lazima uwe umeumia wewe. Jamaa, jirani, shahidi au shirika wote wanaweza kulalamika. Katika mlango huu wa kupokelea watu tunaipa IPOA alama za juu. Hakuna fomu ya kununua, wala hakuna haja ya wakili.

Ila jua mipaka yake kabla hujapoteza nauli. IPOA inashughulikia askari wa Huduma ya Taifa ya Polisi tu: polisi wa kawaida, polisi wa utawala (AP) na wapelelezi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Ukipigwa na kanjo wa kaunti, askari wa magereza, mlinzi wa kampuni au askari wa wanyamapori, hapo si pake. Piga ripoti kituoni kama uhalifu mwingine wowote, na kama ni uzembe wa ofisi ya umma, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hongo nayo mara nyingi huelekezwa kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC. Malalamiko ya nidhamu, kama askari kukutukana, kukalia faili lako au kukataa kuandika ripoti, IPOA yenyewe huenda ikayapeleka kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, IAU. Kwa kesi ndogo kitengo hicho si kibaya, kwa sababu agizo linalotoka juu huamsha kituo haraka. Kwa mtu anayemwogopa mkuu wa kituo chake (OCS) hatukipendekezi, kwa kuwa hao ni polisi wanaochunguza polisi.

Kazi hasa ya IPOA ni vifo na majeraha mabaya yanayotokana na vitendo vya polisi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka mkuu wa kituo airipotie IPOA mara moja pale nguvu au bunduki inapoua au kujeruhi vibaya. Usitegemee wajibu huo. Piga simu mwenyewe siku hiyo hiyo, upewe nambari ya kumbukumbu, uiandike pahali pawili. Hii ndiyo nambari utakayoitumia miaka yote kesi itakapokuwa hai, na bila hiyo kila afisa utakayezungumza naye ataanza upya.

Sasa ushahidi, maana hapa ndipo faili hupona au kuzama.

Majeruhi aende hospitali kwanza, kituoni baadaye. Karatasi za matibabu zenye tarehe na saa ndizo zinazoijenga P3, fomu ya polisi ya kueleza jeraha, ambayo hutolewa bure kituoni na kujazwa na daktari au afisa wa kliniki. Ukitakiwa kulipia P3, au ukiambiwa zimeisha, nenda kituo kingine. Hakuna sheria inayokufunga kwenye kituo kilichokuumiza. Hakikisha daktari amechagua daraja la jeraha, yaani dhara, dhara kubwa au ulemavu, na kueleza kifaa anachodhani kilitumika. P3 inayosema "ana maumivu" bila daraja haimsaidii mtu. Mvunjiko ambao haukupigwa eksirei utaandikwa kama uvimbe, na mshtakiwa atajibu kosa dogo.

Nguo zenye damu au tundu la risasi zisifuliwe. Zianikwe kivulini zikauke, kisha kila moja itiwe kwenye mfuko wake wa karatasi ya kaki. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, ukungu ukaingia, na vinasaba vikaharibika. Maganda ya risasi yasiokotwe. Yapigwe picha pale pale yalipo, na sarafu ya shilingi ishirini pembeni ili ukubwa uonekane, kisha picha nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta, mlango au mtaro ulio karibu. Andikeni nambari ya gari inayoanza na GK, rangi ya sare, nambari ya huduma ya askari kama ilionekana, na jina aliloitwa na wenzake. Jina la utani mtaani limewahi kumtosha mpelelezi kuanzia kazi, mradi aambiwe mapema.

Video ibaki kwenye simu iliyoirekodi. WhatsApp huibana video na kuondoa taarifa za saa na mahali, kwa hiyo ukiituma itume kama faili, na usifute ile ya asili hata baada ya kuhamishia kwenye kompyuta. Kortini Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kitadai cheti cha aliyerekodi au kuitoa video hiyo, kikitaja kifaa na jinsi nakala ilivyotengenezwa. Video ya kijana asiyejulikana iliyosambaa nchi nzima kwenye mtandao wa X inaweza kuzua maandamano na bado isimtie mtu hatiani.

Pakiwa na kifo, msikubali mazishi kabla ya upasuaji wa maiti, na muiombe IPOA itume mpelelezi ahudhurie. Familia ina haki ya kuleta daktari wake mwenyewe. IMLU, shirika la kutetea haki linalotumia ushahidi wa kitabibu, limekuwa likizisaidia familia kwa hilo. Risasi ikitolewa mwilini, iandikwe nani ameichukua, saa ngapi, na inakwenda kwa mtaalamu gani wa silaha. Huku Pwani familia za Kiislamu hutaka kumstiri marehemu siku hiyo hiyo, na haki yao hiyo iheshimiwe. Njia iliyopo ni kupiga simu IPOA na hospitali alfajiri, mapema kuliko kwenda kutafuta sanda, ili upasuaji ufanyike asubuhi na mazishi yafanyike baada ya Alasiri. Baada ya kuzika, kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na uchungu wake hausemeki.

Yote haya yakifanywa, huduma inaweza kufaulu. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, aliuawa kwa risasi ndani ya nyumba yao Kinango, Kwale, wakati wa msako wa polisi. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 maafisa wawili walihukumiwa miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Kwa chombo kilichokuwa bado kichanga, hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia.

Lakini kasi ni mbaya. IPOA haishtaki, hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye anaweza kulikubali, kulirudisha likajazwe au kulifunga. Faili hurudishwa hasa kwa sababu tatu: shahidi ametoweka, rejista ya silaha za kituo haikupatikana, au aliyefyatua hakutambulika kati ya maafisa wengi waliokuwa pale. Rejista ya silaha huonyesha nani alichukua bunduki ipi, na risasi ngapi alizotoka nazo na kurudi nazo. Ikipatikana wiki ya kwanza kesi inasimama. Ikiombwa miezi sita baadaye, mara huambiwa imelowa au imejaa na kuhifadhiwa kwingine. Kifo cha mwanablogu Albert Ojwang akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi, Juni 2025 kilizua swali hilo hilo kuhusu kamera za CCTV za kituo, ambazo uchunguzi ulionyesha zilichezewa. Chombo kinachotegemea kumbukumbu zinazoshikwa na kinaowachunguza kinahitaji nguvu ya kuzikamata siku ya kwanza na wapelelezi wa kutosha kuitumia nguvu hiyo. Wapelelezi hao ni wachache mno kwa nchi ya kaunti 47, na lawama hii tunaielekeza kwa bajeti ya serikali kabla ya kuielekeza kwa maafisa wenyewe.

Usalama wa mlalamishi ndio upungufu unaotuumiza zaidi. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake, mwendesha boda boda aliyekuwa amemlalamikia afisa kwa IPOA, na dereva wa teksi waliyekuwa naye. Hukumu ya hatia ilitoka Julai 2022. Anayepeleka malalamiko mazito na aombe mapema, kwa maandishi, apelekwe kwa Shirika la Kulinda Mashahidi, wala asiende peke yake siku ya kesi.

Tuje kwa majirani. Nyumba Kumi ilisukumwa na serikali baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, kwa mfano uliojulikana Tanzania tangu miaka ya 1960 wa balozi wa nyumba kumi. Kimsingi kaya kumi au zaidi, au wapangaji wa ploti moja, huchagua mwenyekiti na kushirikiana na naibu wa chifu na kituo cha polisi. Kikundi kizuri hujua saa na mahali pa uhalifu. Badala ya kusema "usalama umezorota", huandika kwamba simu hunyakuliwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri kwenye kivuko cha reli, wakati watu wanawahi matatu, na kwamba taa ya mulika mwizi hapo imekufa. Taarifa ya aina hiyo huhamisha doria. Taa hukarabatiwa, kichaka hufyekwa, stendi ya boda boda huwekewa makoti yenye nambari, na wizi hupungua bila mtu kupigwa.

Kinachokosewa ni kingi. Mwenyekiti huteuliwa na chifu badala ya kuchaguliwa, basi vijana humwona mpelelezi. Pesa ya soja, yaani mlinzi wa mtaa, hukusanywa bila risiti. Grupu la WhatsApp la mtaa hugeuka orodha ya washukiwa, picha ya kijana ikawekwa na neno "mwizi" juu yake, na jioni umati uko mlangoni kwao. Mkianzisha grupu, kanuni ya kwanza iwe hakuna jina wala picha ya mshukiwa. Eleza tukio, mahali na saa, na jina limfikie OCS au DCI faraghani. Kwale, upande wa Diani, wazee wa Nyumba Kumi wameuawa kwa kushukiwa kupeleka habari za vijana. Mzee asiye na mshahara wala ulinzi hapaswi kubebeshwa kazi ya ujasusi. Kazi yake ni kuitisha kikao na kutunza kumbukumbu.

Sheria tayari imeweka daraja kati ya huduma hizi mbili. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au waziri wake wa kaunti, na ndani yake wawemo wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye ulemavu. Moja ya kazi zake ni kuieleza IPOA jinsi polisi walio katika kaunti wanavyofanya kazi. Katika kaunti nyingi chombo hicho kimebaki karatasini, na magavana na serikali kuu wametupiana mpira.

Msingoje. Kila kikao cha Nyumba Kumi kiwe na kumbukumbu za ukurasa mmoja: matukio, nambari za OB, saa polisi walipoitwa na saa walipofika, mambo yaliyoombwa kituoni na yaliyotekelezwa. Chapeni nakala mbili, OCS apokee moja na kugonga mhuri kwenye ya kwenu. Baada ya vikao vitatu tumeni nakala hizo kwa ofisi ya IPOA ya karibu, mkiomba wakikague kituo, kwani kukagua vituo na selo ni sehemu ya kazi yao kisheria. Tajeni mambo yanayoonekana: selo haina maji, watoto wanawekwa pamoja na watu wazima, dawati la jinsia halina faragha, dhamana ya pesa inatolewa bila risiti.

Na mkinyamaziwa, andikeni ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji Habari ya 2016, mkitaja nambari ya kumbukumbu na swali moja tu: faili limefika wapi? Ofisi ina siku 21 kujibu, na saa 48 kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Siku hizo zikipita, nakala ya ombi lenye mhuri inatosha kufungua rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, nayo pia ni bure.