Wewe Kariakoo, mwenzako Mlimani: mpange wapi Dar?

Dalali wetu wa kwanza alikuwa na dakika kumi zake. Ukimuuliza chuo kiko umbali gani, dakika kumi. Kituo cha daladala, dakika kumi. Kariakoo je? Hapo akakuna kichwa kidogo, akasema: "Kaka, ukiwahi asubuhi, dakika kumi uko Mwenge. Ukishafika Mwenge si umeshafika?"

Hiyo ilikuwa Makongo. Tulilipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa udalali juu yake. Kwa miezi sita hiyo nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri mke wangu akiwa bado amelala, nikarudi saa tatu usiku nikamkuta amesinzia juu ya vitabu. Yeye chuo alikwenda kwa miguu. Kwa upande wake nyumba ilikuwa nzuri sana.

Nawaandikia walio kama sisi: mmoja anasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, mwingine anatafuta riziki Kariakoo au Posta, na kodi inatoka mfuko mmoja. Chuo kilipoanza 1961 kilikuwa kwenye jengo la Mtaa wa Lumumba, pua na mdomo na Kariakoo. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji. Kingebaki Lumumba nisingekuwa na la kuandika.

Hesabu magari, achana na kilomita

Watu wengi hufanya tulichofanya sisi: wanafungua ramani kwenye simu, wanatazama chuo kiko wapi na kazi iko wapi, halafu wanatafuta nyumba katikati. Dar haiendi hivyo. Katikati ya ramani kunaweza kuwa mahali ambapo kila mmoja wenu anapanda magari mawili. Swali la kumuuliza dalali, na kumkazania mpaka ajibu, ni moja: kutoka mlangoni mpaka kazini napanda gari ngapi?

Tufanye hesabu. Kwa nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, zilizoanza kutumika Desemba 2023, safari fupi ya daladala, isiyozidi kilomita 10, ni shilingi 600. Gari moja la ziada kwenda na kurudi ni 1,200 kwa siku. Mtu wa Kariakoo anayefanya kazi na Jumamosi ana siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo 31,200. Mwanachuo wa siku 22 ni 26,400, maana nauli ya mwanafunzi ni ya wenye sare za shule na yeye analipa kama mtu mzima. Jumlisha: 57,600. Ukiona nyumba imeshuka kodi kwa elfu hamsini lakini inawaongezea gari moja moja, haijashuka kitu. Imepanda, na hapo sijaweka bodaboda ya siku ya mvua wala chipsi mnazonunua kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi akapika.

La pili, kama hamwezi kupata gari moja kwa wote wawili, apewe anayerudi usiku. Wengi hudhani ni lazima awe mfanyakazi. Si lazima. Mke wangu alikuwa na vipindi vya jioni, na kipindi cha mitihani alikuwa anakaa maktaba mpaka giza linaingia. Tazameni ratiba ya muhula kwanza, ndipo mmtafute dalali.

Na la tatu, ambalo sisi tulilijua tumechelewa: mwanafunzi ana likizo, mfanyakazi hana. Kati ya muhula wa pili na mwaka mpya wa masomo kuna miezi chuo kimelala, na sehemu ya hiyo mwanafunzi anakuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo yanaweza kuwa Posta, Tegeta au hata Dodoma. Kodi ya karibu na geti la chuo mnaendelea kuilipa vilevile.

1. Ubungo Maji, Kibo, Msewe

Hapa ndipo tulipohamia, kwa hiyo nihesabuni kuwa na upendeleo. Vituo vya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, vya Kibo na Ubungo Maji viko Barabara ya Morogoro, kwenye njia iliyoanza kazi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye tawi la Gerezani kwa watu wa Kariakoo na la Morocco kwa watu wa Kinondoni. Gari moja mpaka kazini. Upande wa chuo, barabara inapanda kutoka Ubungo Maji mpaka getini, na ukikaa Msewe kwenyewe unatembea, maana Msewe na chuo wanapakana.

Ubaya upo. Asubuhi, basi likifika Kibo limeshajaa tangu Kimara. Utasimama, na siku nyingine utaliacha la kwanza na la pili yapite. Nyumba za Msewe ziko mabondeni na milimani, njia nyingine ni za miguu tu, kwa hiyo siku ya kuhamia ulizeni kama Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inafika mlangoni. Sisi kabati tulilibeba vichwani. Halafu kuna wanafunzi wenyewe: chuo kikikaribia kufunguliwa, Oktoba na Novemba, vyumba vinagombaniwa na wenye nyumba wanapandisha bei bila aibu. Tafuteni Agosti, wakati vijana wamerudi kwao.

Katika eneo hili "masta" ni chumba chenye choo chake ndani, na "chumba na sebule" mara nyingi kina choo cha nje cha kushirikiana. Kwa wanandoa ambao mmoja anasoma, chukueni chumba na sebule hata kama masta ina vigae vinavyong'aa. Mtu anayeamka alfajiri na mtu anayekesha na taa hawawezi kugawana chumba kimoja kwa miaka mitatu wakabaki wanasalimiana vizuri.

2. Magomeni

Najua wengi wangeweka Sinza hapa. Lakini tazameni foleni inavyokwenda. Asubuhi Dar yote inaelekea mjini, jioni yote inatoka. Ukikaa Magomeni, anayekwenda Kariakoo yuko karibu kiasi kwamba siku nyingine atatembea, na anayekwenda Mlimani anasafiri kinyume na watu wote. Basi la kuelekea Kimara saa moja asubuhi lina viti. Anashuka Ubungo Maji, anapanda kilima, na njiani amesoma kurasa zake kumi. Mke wangu alikaa kwa shangazi yake Magomeni Mapipa wiki mbili na mpaka leo anaisifia safari ile.

Tatizo la Magomeni ni maji. Bonde la Msimbazi liko hapo chini, na masika ya Machi hadi Mei yakikaza, Jangwani hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa na mwendokasi hukatishwa. Mkiwa upande wa Magomeni mnaona Kariakoo kwa macho na hamfiki, labda mzunguke. Hilo linawapata pia wa Ubungo na Kimara, ila wa Magomeni wana la ziada: maji yanaweza kuingia ndani. Kaeni juu, kuelekea Mwembechai na Usalama, na mkionyeshwa nyumba kuelekea Suna au Mkwajuni, tazameni ukuta wa nje usawa wa goti. Ukiona mstari wa tope uliopakwa chokaa juu yake, shukuruni, ondokeni. Desemba 2015 serikali ilibomoa nyumba za mabondeni huko, kwa hiyo hatari si ya mvua peke yake.

3. Sinza

Sinza ina kila kitu, na ndiyo shida yake. Soko, maduka ya dawa, hospitali ya Palestina, chipsi saa nane usiku, daladala za kwenda karibu kila upande. Chuo kiko jirani kupitia Sam Nujoma. Mjini ni daladala kwa Shekilango, au mnatoka mpaka kituo cha Shekilango mkapande mwendokasi. Kodi iko juu kuliko Kibo kwa chumba cha ukubwa uleule, na muziki wa baa haujui kama kesho kuna mtihani. Mkienda kuona nyumba Sinza, nendeni Ijumaa usiku. Jumanne mchana kila nyumba ya Sinza ni tulivu.

4. Kimara

Vyumba vikubwa, uwanja wa kuanika nguo, kodi inayovumilika. Na kuna utamu mmoja: ukipandia kituo cha mwanzo, unakaa. Mwenye kukaa Kimara Mwisho akapata kiti mpaka Gerezani, na aliyepandia Kibo akasimama njia nzima, nani amesafiri vizuri? Ila ulizeni nyumba iko umbali gani kutoka barabarani, kwa sababu Kimara inaendelea ndani, mlima baada ya mlima, na bajaji ya kuingia ndani ndilo lile gari la pili tulilolikimbia. Kwa nyumba iliyo karibu mno na Barabara ya Morogoro, hasa kuanzia Kimara kwenda Mbezi, hakikisheni haimo kwenye hifadhi ya barabara. Ubomoaji wa 2017 ulipita huko, na alama nyekundu ya X haikuuliza nani kalipa kodi ya miezi sita.

5. Mwenge, Survey, Makongo, Changanyikeni

Kwa mwanafunzi ni peponi. Kwa mtu wa Kariakoo nimeshasimulia. Lakini kama kazi yenu iko Mikocheni, Masaki, Kawe au popote pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo, geuzeni orodha hii yote juu chini na Mwenge iwe ya kwanza.

Goba, Madale, Gongo la Mboto na Mbagala siziwekei namba. Anayekaa huko kwa kazi hizi mbili mara nyingi amepewa nyumba bure na kaka yake mkubwa. Bure haikataliwi, ila fanyeni ile hesabu ya magari, na mkubali kwamba shemeji atajua kila mlichopika.

Lipo pia chaguo ambalo dalali hawezi kuwaambia, kwa sababu halina udalali: anayesoma aombe hosteli, anayefanya kazi achukue chumba kimoja cha bei nafuu karibu na kazi, mkutane Ijumaa. Hosteli za Magufuli pale chuoni, zilizofunguliwa 2017, zina nafasi 3,840. Tulilijadili mwaka wa kwanza. Mama yangu aliposikia alinyamaza kwenye simu muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Hatukulifanya, ila kwa wasio na mtoto bado, kihesabu linapita yote matano hapo juu.

Kabla ya kutoa hela

LUKU, umeme wa kulipia kabla: ulizeni mita ni yenu peke yenu au ya nyumba nzima. Mkishirikiana na mwenye friji la biashara mtamnunulia umeme mpaka mgombane. Na kwa kuwa kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, mwambieni mwenye nyumba mapema kwamba jengo ni lake, makato hayo ayapunguze kwenye kodi yenu ya pango.

Maji: fungueni bomba, msitazame simtenki. Simtenki linaweza kuwa tupu tangu Pasaka. Muulizeni mama ntilie au boda wa pale kichochoroni maji ya DAWASA yanatoka siku gani, kwa sababu wao hawana cha kuwauzia.

Mkataba uandikwe na upite serikali ya mtaa. Ombeni miezi mitatu mitatu badala ya sita. Mkikataliwa, angalau pangeni tarehe vizuri, mkataba uishe chuo kinapofungwa na si katikati ya muhula, ili mkitaka kuhama mhame wakati mwenzenu hana mtihani. Wetu wa sasa unaisha Julai, mwezi anaomaliza. Baada ya hapo Mlimani hatuna haja nayo tena, na juzi nimemsikia akimuuliza shangazi yake kama kile chumba cha jirani kimeshapata mtu.