Nyumba ya mpito ya GPD au vocha ya HUD-VASH?

Kwa askari wa zamani asiye na makazi Marekani, GPD (mpango wa Idara ya Maveterani unaofadhili nyumba za mpito) hutoa kitanda na uangalizi kwa hadi miezi 24. HUD-VASH, mpango wa pamoja wa idara za Makazi na Maveterani, humpa vocha ya pango: yeye mwenyewe hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na si lazima awe ameacha ulevi kwanza. Ugumu ni kumpata mwenye nyumba atakayeikubali. Bila kitambulisho, siku 120 za kutafuta nyumba kwa vocha huyoyoma.

Aliyetoka tu kuacha heroini tungemwanzishia GPD. Mwili umeshapoteza ustahimilivu wa dawa hiyo. Dozi yake ya zamani sasa yaweza kumuua. Naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, ikae kando ya kitanda, na mwenzake wa chumba ajue kuipuliza puani. Ila ulizeni mapema: nyumba inayomkataza methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) aliyoandikiwa na daktari, iepukeni.