Nilizima sauti nikaitazama tena

Mimi ni afisa ugani. Mkate wangu natafuta kwa kuwashawishi wakulima wabadili namna wanavyolima, kwa hiyo The Biggest Little Farm, filamu ya hali halisi ya John Chester ya mwaka 2018, niliitazama kwa wivu. Mara ya kwanza ilinitoa machozi kwa ajili ya nguruwe aliyegoma kula. Anaitwa Emma. Nikajiuliza: huyu bwana amenifanyaje?

Kisa chenyewe ni chepesi. John na mkewe Molly wanatimuliwa kwenye nyumba ya kupanga Los Angeles kwa sababu mbwa wao, Todd, hanyamazi kubweka. Wanahamia shamba la ekari 200 huko Moorpark, California, lenye udongo mgumu kama sakafu. Mshauri wao, Alan York, anawaambia wachanganye mimea na mifugo ya kila aina, halafu wavumilie. York anafariki kwa saratani kabla kazi haijakomaa, nao wanabaki na maelekezo yake tu.

John alikuwa mpiga picha za filamu kabla ya kushika jembe, na hapo ndipo ujanja ulipo. Hakuleta profesa mwenye grafu. Kila hoja ameipa mwili na macho. Konokono wanavamia miti ya matunda. Bata wanaachiwa bustanini, wanawameza kama njugu. Fuko wanatafuna mizizi. Bundi wanajengewa viota.

Kwenye suala la koyote ndipo nilipomvulia kofia. Ni mnyama wa jamii ya mbweha, anaua kuku usiku baada ya usiku, na kamera inatuonyesha mizoga hadi sisi wenyewe tunataka afe. John anachukua bunduki, anampiga mmoja. Hakuna shangwe. Baadaye tunawaona koyote wakiwinda fuko katikati ya miti ya matunda, na kuku wamepewa mbwa walinzi. Ametuacha tukosee pamoja naye, kisha tukasahihishwa pamoja naye. Mimi ningeanza na somo la wadudu na maadui wao wa asili, na nusu ya darasa ingekuwa imesinzia.

Mara ya pili nilizima sauti, maana muziki wake unakubembeleza mno, na yule bundi anayeruka taratibu ametumika kupita kiasi. Kilichosimama bila muziki ni mvua. Baada ya ukame mrefu inanyesha kwa nguvu. Kwa majirani maji yanaondoka na udongo, yamegeuka rangi ya matope, ila kwa akina John ardhi iliyofunikwa na mimea inayanywa.

Kilichopungua ni pesa. Wawekezaji wanatajwa kwa kupitiwa tu, kama mgeni aliyechungulia mlangoni akaondoka. Hesabu za mapato na matumizi hakuna. Sisemi wamedanganya, lakini mkulima anayedaiwa mkopo hawezi kusubiri mwaka wa saba, ambao York aliahidi mambo yangeanza kutulia.

Nyota nne kati ya tano. Siku hizi vipande vya koyote na mvua navitumia kwenye mafunzo, kisha nazima mashine na kunyamaza. Swali la kwanza huwa lile lile, na mara nyingi linatoka viti vya nyuma: "Mishahara ya miaka yote hiyo, nani alilipa?"