Programu ya kutunza nyaraka za ofisi: ninavyozipanga, ya kwanza hadi ya mwisho

Mhasibu wa taasisi niliyowahi kuifanyia kazi aliondoka siku ya Ijumaa. Jumatatu tukaanza kutafuta bajeti ya mradi. Kwenye grupu la WhatsApp tulikuta "Bajeti mwisho", "Bajeti mwisho kabisa" na "Bajeti sahihi 2", na hakuna iliyolingana na nyingine. Yenyewe hasa ilikuwa kwenye Gmail yake binafsi. Hakuwa na nia mbaya. Ofisi haikuwahi kumpa pengine pa kuiweka. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue programu gani, nami namuuliza: mfanyakazi akiondoka, faili linabaki na nani?

Kwa ofisi ya watu watano hadi hamsini, nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Google Workspace. Wengi wameshaizoea kupitia Gmail, na kwenye simu inakwenda vizuri. Watu watatu mnaandika ripoti moja kwa wakati mmoja, na aya iliyofutwa kwa bahati mbaya inarudishwa kutoka toleo la jana. Ila hapa ndipo ofisi nyingi zinapopotea: faili lililo kwenye My Drive, sehemu ya kila mtu ndani ya hifadhi ya Google Drive, ni la aliyelitengeneza. Akaunti yake ikifutwa, msimamizi ana siku 20 tu za kuirudisha. Nyaraka za ofisi ziwekwe kwenye Shared drives, sehemu ya pamoja, ambako mwenye mali ni taasisi. Kabla ya kulipa, hakikisheni kifurushi mnachochagua kina Shared drives.

Ya pili ni Microsoft 365, na kama kazi zenu zote ziko kwenye Excel, ipandisheni iwe ya kwanza. Kifurushi cha Business Basic kinampa kila mtu TB 1 ya OneDrive, hifadhi yake ya mafaili mtandaoni, pamoja na Teams ya vikao na ujumbe, lakini Word na Excel zake ni za kwenye kivinjari na simu tu. Mkitaka za kusakinisha kwenye kompyuta, ambazo haziwaangushi mtandao ukikatika, chukueni Business Standard. Mtego ni ule ule: OneDrive ni ya mtu, SharePoint, hifadhi ya pamoja, ni ya taasisi. Kilichofutwa SharePoint hukaa siku 93 kabla hakijapotea kabisa. Kwenye Google Drive ni siku 30. Ofisi ambayo makosa yake huonekana mkaguzi anapofika iiangalie sana tofauti hiyo.

Google na Microsoft zote zina mipango nafuu kwa mashirika yasiyo ya kibiashara. Asasi iliyosajiliwa iombe kwanza huko.

Ya tatu ni Nextcloud, iliyoanza 2016. Programu ni ya bure, na nyaraka zinakaa kwenye seva yenu wenyewe. Kwa zahanati au ofisi ya mawakili inayotunza siri za watu, naipenda kwa dhati. Lakini seva inataka umeme wa uhakika, nakala rudufu iliyo kwenye jengo jingine, na fundi anayepokea simu usiku. Kama fundi wenu anakuja mara moja kwa mwezi, msiianze.

Dropbox ni ya nne. Inahakikisha kila kompyuta ina mafaili yale yale, tena vizuri sana, ila ya bure ina GB 2 tu, na barua pepe ya ofisi bado mtaitafuta kwingine.

WhatsApp siipi nafasi. Ni ya kuitana. Orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho haipaswi kupita humo, na sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaiwajibisha taasisi yenyewe.

Mkishachagua, msihamishe kila kitu wiki ya kwanza. Kaeni na mtu wa masjala. Yeye ndiye anayejua kila jalada liko wapi, na folda zikibeba majina ya majalada yake, watu watazipata bila kufundishwa. Anzeni na mihtasari ya vikao, mwezi mzima, hiyo tu. Wasimamizi wa mfumo wawe wawili, asiwe mmoja.

Google inatoa siku 14 za majaribio, Microsoft mwezi mmoja. Zitumieni hivi: fungueni akaunti ya mfanyakazi wa majaribio, atengeneze mafaili mawili, moja kwake na moja kwenye folda ya ofisi. Kisha futeni akaunti hiyo, mkayatafute yote mawili.