Ununue nini kwa ngozi nyepesi ya sehemu za siri, na nini ukiache dukani

Mashavu ya uke yakianza kuwasha kila ukitoka kuoga, wengi wetu hukimbilia sabuni nyingine. Dada yangu, punguza kwanza. Uke hujisafisha wenyewe: bakteria wazuri hutengeneza asidi ya laktiki, pH (kipimo cha uasidi, namba ndogo ndiyo asidi zaidi) ikakaa kati ya 3.8 na 4.5, ilhali sabuni ya kipande hufika 9 hadi 10.

Namba moja naipa vaselini isiyo na manukato. Oga kwa maji ya uvuguvugu matupu, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha paka kiasi cha punje ya harage kwa nje tu. Mkojo, jasho na msuguano wa pedi vitakuta mafuta kabla ya kuifikia ngozi. Ila usiitumie pamoja na kondomu za mpira, huzidhoofisha.

Ya pili ni chupi za pamba. Igeuze ndani nje kabla ya kulipa, utazame kile kipande cha katikati. Nailoni iliyowekewa pamba hapo ni afadhali, lakini pamba tupu ndiyo inayonyonya jasho vizuri. Wakati wa kufua, suuza sana na usitumie dawa ya kulainishia nguo.

Maji yasipokutosha, chukua krimu nzito ya kulainisha ngozi, ile ya kuogea badala ya sabuni. Usiliamini neno "haina harufu" lililoandikwa mbele. Huenda imetiwa kemikali ya kuficha harufu. Soma orodha ya viambato nyuma: ukiona parfum au fragrance (yaani manukato), au sodium lauryl sulfate (kemikali ya kutoa povu), irudishe. Ukishanunua, ijaribu siku chache upande wa ndani wa mkono.

Sabuni za maji za wanawake ni za nne, na ziwe zile tu zenye pH ya 4 hadi 5 bila manukato. Tishu zenye unyevu ni za safarini; epuka zenye methylisothiazolinone, kihifadhi kinachosababisha mzio kwa wengi.

Dawa za kuoshea ndani na za kupuliza sizipi namba kabisa. Kuosha ndani huwafukuza bakteria walinzi na kufungua mlango wa maambukizi.

Ukiona kidonda, ngozi inayogeuka nyeupe, au uchafu wenye harufu kali, usinunue kitu, nenda ukapimwe. Beba vifungashio vya kila ulichokuwa ukipaka, daktari asome viambato mwenyewe.