Masikio Kwanza, Mashine Baadaye: Mwongozo wa Kununua Vifaa vya Udijei

Anayeanza udijei huulizia kontrola, mashine ya kuchanganyia nyimbo kwa kompyuta, kabla ya yote. Ipi ina pedi nyingi, ipi ina taa, ipi inafanana na ile aliyoiona klabuni. Hela ikiishia hapo, hedifoni zinakuwa zile zilizokuja na simu, na vizibo vya masikio havinunuliwi kabisa. Mwongozo huu unapanga manunuzi kinyume chake: unaanza na kinacholinda kiungo kisicho na spea, unamaliza na vitu unavyoweza kuazima au kukodi.

Namba moja: vizibo vya masikio

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye kelele ya desibeli 85. Zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, na 100 ni dakika 15 tu. Klabu kufika 100 si ajabu. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa kiwango chake cha kumbi na matamasha mwaka 2022, liliweka 100 kuwa ukomo wa wastani wa dakika 15. Dijei anayepiga saa 4 mfululizo katika kiwango hicho amejaza kipimo cha siku mara 16, na hapo hatujahesabu muda aliokaa akisubiri zamu yake pembeni ya spika, wala monita ya kibandani, yaani spika ya dijei mwenyewe, iliyomwelekea usoni.

Seli za kusikia zilizo ndani kabisa ya sikio zikifa hazioti tena. Ule mlio unaobaki kichwani baada ya shoo ni dalili kwamba masikio yamezidiwa, na kunyamaza kwake kesho yake hakuthibitishi kuwa yamepona yote.

Kwa wengi, chaguo la kwanza ni vizibo vya muziki vyenye kichujio, vya saizi moja kwa kila mtu. Etymotic ER20XS ni mfano unaojulikana. Alpine na EarPeace nao wanatengeneza vya aina hiyo. Kichujio kinashusha besi na sauti nyembamba kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo muziki unabaki muziki, ila mdogo. Vinaoshwa, vinadumu, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kontrola yoyote iliyotajwa hapa chini.

Ukishakuwa unapiga kila wiki, panda daraja: vizibo vinavyofinyangwa kwa umbo la sikio lako na mtaalamu wa usikivu. Vina vichujio vya kubadilisha, kwa kawaida vya desibeli 9, 15 na 25. Chukua 15 kama huna sababu ya kuchukua kingine. Ukumbi wa 100 unashuka hadi 85 sikioni, na dakika 15 zinakuwa saa 8. Hesabu hiyo ni ya karatasini, kwa sababu namba za kwenye pakiti hupimwa maabara kizibo kikiwa kimekaa sawasawa. Kikiingia nusu, unapata nusu au pungufu. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ndipo ukisukume ndani.

Vizibo vya sponji ni vya tatu kwenye orodha hii, ingawa kwa kuzuia kelele tupu vinaweza kuvishinda vingine vyote. Pakiti zake hufika hadi desibeli 33. Tatizo lake kwa dijei ni kwamba vinameza sauti nyembamba kuliko besi. Haiheti (matoazi ya ngoma) na sauti ya mwimbaji vinapotea, unabaki na mdundo wa ndani ya pipa, na mwisho unavitoa. Weka pea chache mkobani kwa siku ya dharura na kwa rafiki aliyesahau vyake.

Wengi hukwama hapa: utasikilizaje wimbo unaofuata kwenye hedifoni ukiwa umeziba masikio? Wapo wanaoziba sikio la upande wa ukumbi tu, na lile la hedifoni wanaliacha wazi. Hiyo ni nafuu kuliko kutoziba kabisa, lakini ukiinua hedifoni kidogo tu sikio hilo linabaki uchi mbele ya monita. Mimi nashauri kuziba yote mawili na kuvaa hedifoni juu yake. Kizibo chenye kichujio kinapitisha sauti safi ya hedifoni, unaongeza kidogo tu. Halafu shusha monita ya kibandani, maana madijei wengi wanaongeza hedifoni ili kushindana na monita, kisha wanaongeza monita ili kushindana na hedifoni, hadi saa nane usiku vyote viko mwisho. Zoea kuchanganya hivyo nyumbani kwanza. Siku za mwanzo sauti yako mwenyewe itakuwa inavuma kichwani, na hilo linazoeleka.

Mwenye iPhone apakue programu ya NIOSH ya kupima kelele, ni ya bure. Ukiona namba yenyewe kwenye kioo ukiwa kibandani, hutahitaji kushawishiwa zaidi.

Namba mbili: hedifoni

Masharti ni machache. Ziwe zimefungwa nyuma ili sauti isivuje, ziwe na waya, na zitengenezeke. Hedifoni za Bluetooth ziache kwa safari: sauti yake huchelewa, na huwezi kulinganisha mapigo ya nyimbo mbili kama moja inakufikia baada ya nyingine.

Juu ya orodha naiweka Sennheiser HD 25. Imekuwepo tangu mwaka 1988, ni nyepesi, inakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, na upande mmoja unageuka nyuma ya sikio. Kikubwa zaidi ni kwamba karibu kila kipande chake kinauzwa peke yake: waya, sponji, hata spika ya upande mmoja. Hedifoni za dijei hufa kwa waya kabla ya kufa kwa sauti, kwa hiyo sifa hii ina uzito kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. AIAIAI TMA-2 nayo imejengwa kwa vipande vinavyobadilishwa. Audio-Technica ATH-M50x inafuata; inalizunguka sikio, inaziba kelele ya nje vizuri, inafaa pia kwa kazi za studio, na waya wake unachomoka. Kwa bajeti ndogo, Pioneer DJ HDJ-CUE1 inatosha kuanzia.

Ukivaa miwani, zijaribu ukiwa nayo. Upenyo mdogo kwenye mkono wa miwani unaruhusu kelele kuingia, nawe utaongeza sauti bila kujua.

Namba tatu: kontrola

Jiulize kwanza utapiga wapi mwaka ujao. Anayelenga klabu atakutana na CDJ (vicheza muziki vya klabu) na miksa, kwa hiyo ajifunzie kwenye mpangilio unaofanana na huo. Anayelenga harusi na sherehe anahitaji zaidi maikrofoni, spika za kuaminika na kompyuta isiyokwama. Anayepiga chumbani kwake kwa raha zake anunue kinachompendeza.

Kwa watu wengi wanaoanza, ya kwanza ni Pioneer DJ DDJ-FLX4. Vitufe vyake vimepangwa kwa kufuata vifaa vya klabu, inafanya kazi na programu za rekordbox na Serato, inapokea umeme kupitia waya wa USB-C, na unaweza kuiunganisha na simu au tableti. Ukiichomeka kwenye kompyuta, rekordbox inakufungulia sehemu ya kupigia bila malipo ya kila mwezi. Udhaifu wake uko nyuma: kuna jozi moja tu ya matundu ya RCA ya kutolea sauti, hakuna njia ya pekee ya monita ya kibandani. Kwa sebuleni hilo si neno. Ukianza kulipwa litakukera.

Ya pili, na kwa anayejifunza peke yake pengine ingekuwa ya kwanza, ni Hercules DJControl Inpulse 300 MK2. Ina taa za mishale zinazokuonyesha kama wimbo wako unakimbia au unachelewa, na sahani (gurudumu la kuongozea wimbo) uisukume upande gani. Dhidi ya kile kitufe kinacholinganisha mapigo chenyewe, hiki ni chombo cha kufundishia: kinakuambia kosa, kazi ya kulirekebisha kinakuachia. Ukishaweza, zima taa.

Numark Mixtrack Platinum FX naiweka ya tatu. Sahani zake ni kubwa na zina vioo katikati, na wapenda mbwembwe watazifurahia zile swichi za kasia za kuwashia efekti. Kwa anayekwaruza, yaani anayesugua sahani mbele na nyuma ili wimbo utoe mkwaruzo, ukubwa wa sahani ni hoja nzito na anaweza kuipandisha juu.

Kontrola ndogo kama Numark DJ2GO2 Touch inaingia kwenye mkoba wa laptopu na ina kadi yake ya sauti. Inunue kama ya akiba, siku ile kubwa itakapogoma. Kuifanya ya kujifunzia ni kujitesa, kwani fada zake (vitelezi) fupi hazikupi nafasi ya kuchanganya taratibu.

Halafu kuna mashine zisizohitaji laptopu kabisa. Denon DJ Prime GO ina betri yake na inasoma flashi na kadi za SD. Pioneer DJ XDJ-RX3 ina kioo cha inchi 10.1 na inasoma flashi iliyoandaliwa kwenye rekordbox. Ni bora, na ni ghali kiasi kwamba sioni sababu ya mtu kuzinunua kabla udijei haujaanza kumrudishia chochote.

Ukinunua iliyotumika, chomeka hedifoni na ucheze wimbo. Shusha fada ya chaneli hadi chini na usikilize: sauti ikiendelea kupenya, fada imechakaa. Tingisha waya wa USB kwenye tundu lake. Bonyeza kila pedi. Kisha ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama draiva yake, programu inayoiunganisha na kompyuta, inakubali toleo la mfumo wa kompyuta yako, kwa maana kontrola nzima kabisa inaweza kugeuka pambo la mezani kwa sababu draiva iliachwa nyuma.

Programu

Hapa nafasi si pana kama inavyodhaniwa, kwani kontrola ikishachaguliwa imeshakuchagulia nusu ya programu.

Anayeelekea klabu achukue rekordbox, hilo halina mjadala mrefu. Ndiyo inayoandaa flashi zinazosomwa na CDJ, pamoja na alama ulizoweka ndani ya wimbo na mistari ya mapigo. Mfumo wa faili wa flashi uwe FAT32, unaokubalika kwenye mashine nyingi zaidi. Faili za MP3 za 320 kbps ni salama kila mahali, lakini FLAC, faili zisizopunguza ubora wa sauti, ni bahati nasibu: CDJ-2000NXS2 ya mwaka 2016 inazisoma, CDJ-2000NXS iliyoitangulia haizisomi.

Serato DJ ni ya wanaotaka kukwaruza na wanaotaka programu iliyo tulivu. Lite ni ya bure, Pro inalipiwa. Mixxx ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, inakwenda kwenye Windows, macOS na Linux, na inazikubali kontrola nyingi. Haina huduma za kutiririsha muziki, na kwangu hiyo si kasoro kubwa. Spotify ilijitoa kwenye programu za madijei mwaka 2020 na kurejea mwaka 2025. Aliyekuwa ameitegemea kwa maktaba yake yote alilala na nyimbo akaamka hana. Nyimbo za kazini ziwe faili zako, zenye nakala kwenye diski ya pili. VirtualDJ inawafaa watu wa sherehe na karaoke, nayo ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya biashara, ila kuitumia na kontrola kwa muda mrefu kunataka leseni. Wenye tableti watazame djay.

Kuhusu kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala papo hapo: Serato, rekordbox, VirtualDJ, djay na Traktor zote zinaweza. Inapendeza, na inakula nguvu ya kompyuta. Usichague programu kwa sababu hiyo peke yake.

Laptopu

Diski ya SSD, RAM ya GB 8 kwa uchache, 16 kama utatenganisha sauti. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (ya sauti isiyochelewa) ya kontrola yako. Mpangilio wa bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kutoka, ukiwa sampuli 512 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ucheleweshaji wa bafa ni kama milisekunde 12, ambao mchanganyaji wa kawaida hausikii. Anayekwaruza ashuke hadi 128 kama kompyuta yake inamudu bila sauti kukatikakatika. Zima masasisho ya moja kwa moja kabla ya shoo.

Spika

Usinunue bado. Chumbani hedifoni na spika ndogo za mezani zinatosha, na ukumbi wenye shughuli huwa na mfumo wake au unaukodi pamoja na fundi. Hela hiyo iweke kwenye waya: wa USB wa akiba, wa RCA wa akiba, na adapta za kutoka RCA kwenda jeki kubwa, kwa sababu miksa ya fundi mara nyingi haina matundu ya RCA na hapo kontrola yako mpya haitatoa sauti hata iwe ya bei gani.