Meno bandia ya kuvaa: aina zipi zinawaridhisha wavaaji zaidi?

Wanaokwenda kutengenezewa meno bandia, au wanaompeleka mzazi, huuliza bei na weupe. Swali linaloamua kama mzee atayavaa mezani au atayaacha kabatini haliulizwi: magego yake yatakuwa na umbo gani? Nimeyapanga hapa meno hayo, kwa umbo na kwa kitu yalichotengenezwa nacho, kwa kuangalia wavaaji wanavyoridhika nayo, na nazungumzia zaidi seti kamili, ya juu na ya chini, kwa mtu ambaye hakubakiwa na jino.

Kwanza ieleweke shida iko wapi. Meno ya juu hunata kwenye kaakaa lote kwa msaada wa mate. Ya chini hukaa kwenye ukingo mwembamba wa ufizi, ulimi ukiyasukuma upande huu na shavu upande ule. Isitoshe, meno yakishang'olewa mfupa wa taya huendelea kupungua mwaka hadi mwaka, na wa chini hupungua haraka kuliko wa juu. Ndiyo maana malalamiko mengi huwa ni ya meno ya chini: yanacheza, yanachubua, yanaingiza chembe za chakula. Gego linalofaa ni lile linalosaga chakula bila kuyasukuma pembeni meno ya chini.

Nafasi ya kwanza naipa akriliki ngumu, yaani plastiki ya meno, yenye magego ya mpangilio wa lingwali (kwa Kiingereza lingualized). Mwambie daktari kwa jina hilo, atakuelewa. Kinundu cha ndani, yaani mwinuko wa upande wa ulimi, cha gego la juu kimechongoka, na gego la chini lina bonde pana lisilo na kina. Vinakutana kama mchi na kinu. Chakula kinasagwa, na kinundu kina nafasi ya kusogea kidogo bila kukwama, kwa hiyo meno ya chini yanatulia. Katika jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa walivaa kwa zamu seti za maumbo matatu ya magego. Magego bapa ndiyo yaliyowasumbua zaidi kwenye kula, na ya lingwali yakawa miongoni mwa yaliyopendwa.

Ya pili ni akriliki yenye vinundu kamili, umbo la gego la asili. Mtaalamu wa Uswisi Alfred Gysi ndiye aliyeupa umaarufu mteremko wa vinundu wa nyuzi 33 ambao viwanda vinautumia hadi leo. Meno haya yanakata nyama na mboga za majani vizuri na yanapendeza mdomoni. Ila yanataka ukingo wa ufizi ulio mnene na vipimo sahihi vya namna taya zinavyokutana. Vipimo vikikosewa, kila mng'ato unayasukuma meno ya chini.

Kuhusu akriliki yenyewe, si zote sawa. Omba uone meno yakiwa bado kwenye kadi yake, uyainue kwenye mwanga wa dirisha. Jino zuri lina tabaka: ncha inapitisha mwanga kidogo, shingo ni nyeusi kidogo kuliko katikati. La bei ya chini lina rangi moja kama chaki, na ndilo linalolika upesi. Yakilika, kidevu kinasogea karibu na pua na uso unazeeka kabla ya wakati.

Kompoziti, yaani plastiki iliyochanganywa na chembechembe ngumu, iko ya tatu. Hailiki haraka kama akriliki ya kawaida, lakini ncha zake zinaweza kumeguka, na kwa mnywaji wa chai ya rangi zinaweza kufubaa. Kama tofauti ya bei ni kubwa, baki na akriliki ya tabaka.

Magego bapa ni ya nne, na hapa nisieleweke vibaya: kwa mtu aliyepata kiharusi, au ambaye taya yake haitulii mahali pamoja, au ukingo wake wa ufizi umekwisha kabisa, bapa linaweza kuwa ndilo jibu. Kwa wengine nyama itakuwa kazi.

Kauri naiweka mwisho. Haifubai na hailiki, kweli. Lakini inagonga tak-tak mtu akizungumza, ikidondoka kwenye sinki inapasuka, na haishikamani kikemikali na plastiki ya waridi inayoiga ufizi, inashikiliwa na vipini na matundu. Mbaya zaidi, ikikutana na jino la asili inalisaga.

Kama fedha ipo, zungumzeni pia kuhusu vipandikizi viwili, yaani skrubu zinazopandwa kwenye mfupa wa taya ya chini, vya kushikilia seti. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba hicho kiwe chaguo la kwanza kwa taya ya chini isiyo na jino.

Rangi ichaguliwe mchana, si chini ya taa. Kipimo kinachotumika sana kina rangi 16, kuanzia A1 hadi D4. Kwa wanaoziba pengo tu, hasa wa Arusha na maeneo mengine yenye floridi nyingi majini, jino jeupe kati ya meno ya kahawia litaonekana kutoka mbali. Mwombe fundi alitie rangi lifanane na majirani zake.

Usikubali kuruka jaribio la nta. Meno yakiwa yamepangwa kwenye nta bado yanaweza kusogezwa. Yakishapikwa kwenye akriliki ni vigumu. Akiwa nayo mdomoni, mzee ahesabu kwa sauti kuanzia sitini na sita hadi sabini na saba. Sauti ya "s" ikitoka na mluzi, au meno ya juu na ya chini yakigongana, fundi ayarekebishe siku hiyohiyo. Kisha risiti iandikwe aina ya jino, umbo na namba ya rangi, ili jino moja likidondoka baadaye lipatikane la kufanana.